Mafungu Kumi, Magari Matatu: Kisa cha Kutafuta Gari la Uwanjani

Mnunuzi wa kisa hiki alikuja na masharti manne, yote ameyaandika kwenye simu. Gari liwe la petroli na gia za mkono. Liende uwanjani na kurudi nyumbani kwa magurudumu yake, maana hana trela wala gari la kulivuta. Vipuri vyake visiwe vya kuagiza na kungoja. Na gharama zote zisipite alichonacho, ambacho nitakiita mafungu kumi; kiasi chenyewe hakimsaidii msomaji, mgawanyo ndio unaomsaidia. Alikuwa ametenga mafungu tisa ya kununulia gari na fungu moja la "vitu vidogo vidogo". Tatizo lote lilikuwa ndani ya hilo fungu moja.

Kwa asiyezijua siku za uwanjani: mwenye uwanja wa mbio huwafungulia watu kwa ada, nao huingia na magari yao wenyewe kwa zamu za dakika kumi na tano au ishirini. Si mashindano. Hakuna kombe, mara nyingi hata kupima muda hakuruhusiwi, na kumpita mwenzako ni kwa upande uliokubaliwa na kwa ridhaa yake. Kwa hiyo hoja ya kwanza ya mnunuzi, kwamba anataka gari "lisilopitwa", haikuwa na pa kusimama. Wa kukupita atakupita, nawe utawasha indiketa umpishe. Kinachouma ni kulipia siku nzima kisha kukaa kwenye maegesho tangu saa nne asubuhi, boneti iko wazi, unawaangalia wengine wakizunguka.

Magari yenyewe

Baada ya kuchuja matangazo yalibaki matatu.

La kwanza lilikuwa BMW 328i ya bodi ya E46. Injini ya silinda sita, lita 2.8, nguvu ya farasi 193, uzito kama kilo 1,400, husukumwa na magurudumu ya nyuma. Muuzaji alitaka mafungu sita. Hili ndilo lililomwingia mnunuzi moyoni, na simlaumu; injini zile sita mstarini zina sauti inayomfanya mtu asahau alichojia.

La pili, Honda Civic Type R ya EP3, iliyotengenezwa kati ya 2001 na 2005. Lita 2.0, farasi 200, kilo kama 1,200, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Mafungu nane na nusu.

La tatu, Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, ile wanayoiita NB, ya 1998 hadi 2005. Lita 1.8, farasi wasiofika 150, kilo kama 1,050, husukuma kwa nyuma, paa la turubai. Mafungu sita na nusu. Mnunuzi aliliweka mwisho kwenye orodha yake na kuandika pembeni: "dogo".

Ukiyapanga kwa nguvu, Civic inaongoza, BMW inaifuata kwa karibu, MX-5 iko nyuma kabisa. Ukiyapanga kwa bei ya kununulia, BMW ndiyo rahisi. Nilimwomba aziweke pembeni orodha zote mbili kwanza, tuulize kila gari litakula nini likishaanza kuzunguka.

Joto linatoka wapi

Barabarani breki hukanyagwa, zikapoa, zikakanyagwa tena baada ya dakika kadhaa. Uwanjani zinakanyagwa kwa nguvu kila baada ya sekunde chache, na mwendo wote unaoupunguza hugeuka joto ndani ya diski na pedi. Hesabu yake ni rahisi. Chukua kila gari na dereva wa kilo 80, lipunguze kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80 kabla ya kona. MX-5 inamwaga karibu kilojuli 840 kwenye breki zake. Civic, karibu 950. BMW, karibu 1,100. Hapo nimeyapa yote mwendo mmoja, jambo ambalo si haki, kwa sababu lenye nguvu hufika mwisho wa mstari mnyoofu likiwa na kasi zaidi. Ipe BMW ifike na 180 badala ya 160, na kona ni ileile: karibu kilojuli 1,480. Hiyo ni kama mara moja na robo tatu ya mzigo wa ile ndogo, kwenye kila kona nzito, kila mzunguko, zamu nzima.

Ndiyo maana gari zito lenye nguvu hutaka diski kubwa, pedi za bei, na matairi mapana ambayo nayo hayaishi kwa hisani. Farasi unawanunua mara moja. Uzito unaulipia kila siku unayoingia uwanjani.

Mafuta ya breki nayo yana sehemu yake hapa, na wengi hawayafikirii hata kidogo. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa taratibu, na yakishabeba maji ya asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 155. Tofauti hiyo ya nyuzi 75 dereva wa mjini haioni maisha yake yote. Wa uwanjani anaiona siku ya kwanza: anakanyaga, kanyagio linazama, kwa sababu mvuke uliojitengeneza kwenye kalipa, kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski, unabanwa mahali ambapo mafuta hayabaniki. Usilichanganye na hali ya pedi kuzidiwa joto. Pedi zikizidiwa, kanyagio linabaki gumu ila gari halisimami. Dalili mbili tofauti, dawa mbili tofauti, na nimewaona watu wakinunua kalipa za mbio kutibu chupa ya mafuta ambayo haikuwahi kubadilishwa.

Chini ya magari

BMW tuliikagua kwanza kwa sababu mnunuzi asingetulia bila kuiona. Injini ilinguruma vizuri. Kwenye tangi la plastiki la maji ya kupozea, usawa wa mshono, kulikuwa na ukoko mweupe mkavu uliotiririka hadi chini. Huo ni uvujaji wa zamani ambao hukauka injini ikipoa na kuanza tena ikipata moto. Kwenye magari haya, tangi hilo, pampu ya maji, themostati na shingo za plastiki za rejeta huchoka pamoja. Anayezijua hubadilisha seti nzima kabla ya kwenda uwanjani, hangoji moja ipasuke.

Hilo lilikuwa la pesa tu. La pili lilikuwa la bodi. E46 ina sifa ya kupasuka sakafu ya nyuma, pale fremu inayobeba ekseli inapofungwa kwenye bodi, hasa zile za miaka ya mwanzo. Gari likiwa juu ya lifti tulisugua uchafu kwa brashi ya waya kuzunguka kila boliti. Nyuma upande wa kushoto palikuwa na mstari mwembamba wenye kutu ndani yake, urefu wa kidole gumba. Tiba ipo na inafahamika: unashusha ekseli yote, unachomelea mabati ya kuimarisha, unarudisha. Lakini ni kazi ya siku kadhaa za fundi mzuri wa kuchomelea, na uwanja wenye kona nyingi ndio unaokuza ufa wa aina hiyo haraka kuliko barabara yoyote. Mafungu sita ya muuzaji yalikuwa malipo ya awali tu.

Civic ilikuwa na siri ya namna nyingine. Tulipofika, boneti ilikuwa ya moto tayari. Muuzaji alisema alikuwa ametoka dukani, na huenda ni kweli, ila injini ya kukagua inatakiwa iwe baridi. Tukaomba kurudi asubuhi. Asubuhi, ilipowashwa, ilitoa mlio wa kukwaruza kwa sekunde mbili tatu upande wa mnyororo wa taimingi, kisha ikatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Barabarani, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu kwa mizunguko ya juu, gia iligoma na kusaga. "Ndivyo zilivyo hizi," muuzaji akasema. Hapana, sivyo zilivyo. Hivyo ndivyo zinavyokuwa singi, zile pete zinazolainisha kuingia kwa gia, zikishalika, na injini hii hutoa nguvu yake yote ikiwa juu, kwenye mizunguko 7,400, kwa hiyo uwanjani gia hiyo ingebadilishwa ikiwa juu kila mara.

Tena ilikuwa imeshushwa. Springi fupi, shokapu za kawaida, na matairi ya mbele yameliwa upande wa ndani hadi waya zinakaribia kuonekana, huku upande wa nje yakiwa na meno kamili. Mimi gari lililoshushwa na mtu asiyeniambia alitumia nini huwa naliona ni gari lenye saspensheni ya kununua upya. Kuna watakaosema nazidisha.

Niwe mkweli kwa upande wa Civic, kwa sababu mfano wenyewe si mbaya. Ingekuwa na gia boksi nzima, mnyororo uliobadilishwa na saspensheni isiyochezewa, na ingekuwa ya mafungu sita badala ya nane na nusu, ningemwambia aichukue bila kubishana. Ina paa la chuma, ina viti vinne, inabeba matairi ya akiba nyuma, na gari la kuvuta kwa mbele humsamehe dereva mgeni makosa ya kona kuliko la kusukuma. Lakini hatukuwa tunanunua mfano. Tulikuwa tunanunua gari lile lililokuwa mbele yetu, la sahani ile, lenye mlio ule.

MX-5 tuliikagua kwa magoti. Adui wake ni kutu, na hujificha. Maji ya mvua huteremka kwenye turubai, huingia kwenye vijitundu vya kutolea maji nyuma ya milango, na vijitundu vikiziba kwa majani na vumbi, maji hukaa ndani ya sili, yale maboksi ya chuma chini ya milango. Rangi ya nje inabaki safi huku bati likioza kutoka ndani. Tulipitisha sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa: upande wa kulia ilinata mwanzo hadi mwisho, upande wa kushoto, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, iliteleza kwenye eneo la kiganja kimoja. Pati, ule unga wa kuziba bati lililooza kabla ya kupaka rangi. Bisibisi ilithibitisha. Kwenye NB kuna pa kuangalia pengine muhimu zaidi, nazo ni reli za chesisi za mbele, kwa sababu zikioza hizo saspensheni haina pa kushikilia. Zilikuwa nzima, na ndizo zilizoamua. Sili inakatwa na kuchomelewa. Reli zilizooza zingefunga mazungumzo.

Kompresheni ilipimwa na plagi zote zikiwa nje, injini ya moto, kanyagio la mafuta limekanyagwa hadi mwisho. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini haikufika asilimia kumi. Hakuna moshi wa bluu injini ilipoachiwa mteremkoni kisha ikakanyagwa. Klachi tuliijaribu kwa gia ya nne mwendo mdogo, mafuta yote kwa mkupuo. Mizunguko haikuruka peke yake, yaani klachi haikuteleza.

Mabaya yake yalikuwa ya wazi. Juu ya rejeta plastiki iligeuka kahawia iliyoungua, rangi inayokuambia imezeeka na itapasuka. Matairi yalikuwa na meno ya kutosha, lakini namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni husema wiki na mwaka wa kutengenezwa, na haya yalikuwa yamepita miaka sita. Mpira umekauka, ukiukandamiza kwa ukucha haurudi. Na kinga ya plastiki ya chini ya injini haikuwepo, pengine fundi fulani aliitoa siku ya kubadilisha oili akaona uvivu kuirudisha. Tuliiandika kwenye orodha ya baadaye.

Kijiti

Kulikuwa na jaribio moja lililobaki ambalo lingeweza kuliondoa gari hili hata lingekuwa jipya. Viwanja vingi havikubali gari la wazi liingie bila rolbaa, ile nguzo ya chuma nyuma ya viti, na hata vinavyokubali, mimi singekubali. Lakini nguzo fupi kuliko kichwa haimkingi mtu. Mnunuzi alikaa kwenye kiti amevaa helmeti ya kuazima, tukalaza kijiti kirefu kutoka usawa wa juu wa rolbaa atakayoiweka hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Helmeti ilipita chini yake kwa vidole vitatu. Angekuwa mrefu zaidi kwa nafasi hiyo, tungerudi kutafuta Civic nyingine.

Helmeti yenyewe iwe ya magari. Zile zenye alama ya Snell, shirika la kupima helmeti, na herufi SA hupimwa kwa moto na kwa kugonga nguzo ya chuma. Zenye M, za pikipiki, hazipimwi hivyo.

Mgawanyo mpya

Muuzaji wa MX-5 alionyeshwa pati na rejeta, akashuka hadi mafungu sita. Mafungu manne yaliyobaki yaligawanywa hivi: moja la matairi; robo tatu ya fungu kwa breki, yaani pedi za kuhimili joto, diski mpya za kawaida, mipira na mafuta; robo tatu kwa rolbaa na sponji ngumu ya kuifunika; nusu kwa rejeta, hosi, oili na geji ya ziada ya joto; nusu kwa helmeti na ada ya siku ya kwanza; nusu ikabaki akiba. Hakuna hata senti iliyokwenda kwenye nguvu ya injini. Mnunuzi alinung'unika kuhusu chujio la hewa la kung'aa aliloliona mahali. Likabaki huko huko.

Ukiiweka hesabu hiyohiyo kwenye Civic ya nane na nusu, matairi na breki vinakausha kila kitu na gia bado inasaga. Kwenye BMW, kuchomelea sakafu na seti ya kupozea vinakula akiba yote kabla hujagusa pedi.

Bima ilichukua simu moja. Sera nyingi za barabarani hazilipi ajali ya uwanjani, na yake haikulipa. Alielezwa pia kwamba kwenye baadhi ya viwanja anayegonga kingo za pembeni mwa njia hulipia kingo hizo. Aliamua kwamba gari hili ni pesa anayoweza kuipoteza lote, na kama angejibu vinginevyo ningemshauri aghairi jambo zima.

Siku ya kwanza

Breki hazikutoa neno. Alifundishwa kutumia mzunguko wa mwisho wa kila zamu kuzipoza, na kutovuta hendibreki akiegesha, kwa sababu pedi zilizobana diski ya moto mahali pamoja huiachia alama na mtetemo. Alipunguza upepo wa matairi baada ya zamu ya kwanza, kwani hupanda yakipata moto, akakaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo zilipopoa.

Joto la injini ndilo lililoleta hadithi. Geji ya dashibodi kwenye NB ina tabia ya kudanganya: sindano hukaa katikati kwa nyuzi nyingi sana, ikianza kupanda umeshachelewa. Mwisho wa zamu ya tatu geji ya ziada ilisoma 103 na sindano ya dashibodi ilikuwa imetulia katikati bila wasiwasi wowote. Akafungua hita hadi mwisho ili ivute joto la injini, akamaliza mzunguko polepole, akatoka. Rejeta mpya, maji kamili, feni inazunguka. Sababu ilikuwa ile kinga ya chini. Bila kinga hiyo, hewa inayoingia puani hutafuta njia nyepesi, ikapita chini ya gari badala ya kulazimishwa kupenya rejeta. Ilitoka kwenye orodha ya baadaye ikawa ya kwanza. Kinga iliyotumika iligharimu sehemu ndogo tu ya ile nusu fungu ya akiba, na siku iliyofuata geji haikuvuka 96 ingawa hewa ilikuwa ya joto zaidi.

Alipitwa sana. BMW moja ya aina ileile aliyoitamani ilimwacha kila mstari mnyoofu, naye akaikuta tena kwenye kona za katikati, hadi mchana ilipoingia maegesho na breki zikitoa moshi. Sitaki kulifanya hilo ushahidi. Yawezekana dereva alisahau tu kupoza. Kilicho ushahidi ni kwamba pedi za mbele za MX-5, baada ya siku nzima, zilibaki na zaidi ya robo tatu ya unene wake, na matairi yaliliwa sawasawa pande zote kwa sababu saspensheni yake ina boliti za kurekebishia pembe na tulizipima kabla.

Sasa ananiuliza kuhusu turbo. Nimemwambia kwanza alipie mkufunzi akae naye zamu mbili, kisha kiti cha kumshika vizuri, kisha tuzungumze. Sili ya kushoto inakatwa mwezi ujao, na fundi wa kuchomelea ameshachukua vipimo.